Dondoo muhimu: Zawadi kwa rafiki aliyepasuliwa titi
Wewe uko Nairobi, yeye Malindi, na jeraha bado bichi. Usimpelekee dera. Huvaliwa kwa kupitishwa kichwani, na wiki za mwanzo mkono wa upande uliopasuliwa hauinuki vizuri. Bora leso, doti moja. Lakini soma jina la leso kwanza, maana leso husema, na mafumbo ya wake wenza hayamfai mgonjwa. Tia na mto mdogo wa sufi wa kuweka kwapani: Malindi hadi kliniki ya Mombasa ni kilomita 120 hivi, na mkanda wa matatu hukwaruza kidonda. Nauli mtumie kwa M-Pesa kabla hajaomba. Kisha mrekodie sauti, umpe umbea wa mtaani. Asipojibu, si neno.