Kuku wa Boksi wa Zamani: Jinsi ya Kumpika Nyumbani, na Kosa Lililonipotezea Wateja

Somo la leo ni refu kidogo, kwa hiyo tulia usome mpaka mwisho. Linawahusu wanaouza viungo, wanaouza vyakula kwa oda, na hata wewe unayeuza nguo, utaona huko mbele linakugusa vipi.

Mnaolijua duka langu mnajua nauza viungo kwa njia ya mtandao. Mwaka jana nilitengeneza pakiti za viungo vya kuku wa kukaanga. Kwenye statasi nikaandika: "Pata ladha ileile ya kuku wa boksi wa zamani, ukiwa nyumbani kwako." Pakiti zikatoka kama maandazi ya asubuhi. Nikajiona bosi.

Kuna mama mmoja akachukua pakiti kumi kwa mpigo. Kaka yake alikuwa anarudi baada ya miaka mingi nje ya nchi. Walipokuwa wadogo, baba yao alikuwa akipokea mshahara anawaletea kuku wa boksi kutoka mgahawa mmoja pale mjini. Baba ameshatangulia mbele za haki, na mgahawa ulishafungwa. Yule mama alitaka kaka yake akifika akute boksi lile mezani.

Siku ya siku ikafika. Kuku akatoka mweusi nje, ndani damu, na unga umebanduka wote umebaki kwenye mafuta. Jioni ile akaandika kwenye grupu letu la WhatsApp la mtaani kwamba viungo vyangu ni feki. Wiki mbili sikuuza hata pakiti moja.

Nilimpigia kumwomba radhi na kumrudishia hela yake. Akaniambia, "Mwanangu, hela sio shida. Mimi nilimwahidi kaka yangu." Hapo nikanyamaza. Kumbe na mimi nilikuwa nimemwahidi yeye kitu ambacho sijawahi hata kukipika.

Nilichofanya ni kununua kuku na kuingia jikoni. Jumapili tatu mfululizo nimepika, nimeunguza, nimerudia. Nilichojifunza ndo hiki hapa.

SIRI SIO VIUNGO PEKE YAKE

Tuanzie kwa mwenye mchezo. Harland Sanders wa Kentucky, Marekani, yule mzee mwenye ndevu nyeupe kwenye maboksi ya KFC, alianza kuuza chakula mwaka 1930 kwenye kituo cha mafuta mji wa Corbin. Shida yake ilikuwa muda. Kumkaanga kuku vizuri kwenye kikaango kulichukua kama nusu saa, na msafiri hawezi kusubiri hivyo. Mwaka 1939 akaanza kutumia sufuria ya presha aliyoirekebisha kwa ajili ya kukaangia. Kuku akawa anaiva kwa dakika chache na ndani anabaki na maji yake.

Mwaka 1952 mgahawa wa kwanza kuuza kuku wake kwa makubaliano ulikuwa wa Pete Harman, Salt Lake City. Baadaye Sanders akawa anazunguka kwa gari, mgahawa hadi mgahawa. Anaingia jikoni, anapika mwenyewe, wenye mgahawa wanaonja. Wakikubali, anawafundisha kupika, anawapatia viungo vilivyokwishachanganywa, na wao wanamlipa senti chache kwa kila kuku.

Umeona hapo? Mzee hakuuza viungo akaondoka. Aliuza viungo pamoja na mafunzo. Mimi niliuza pakiti tu.

Na hivyo viungo 11 watu wanavyovitafuta, mwaka 2016 gazeti la Chicago Tribune lilichapisha orodha iliyoandikwa kwa mkono, iliyotoka kwa ndugu wa familia ya Sanders. Kampuni haikuthibitisha kwamba ndiyo yenyewe. Ila ukiisoma, unakuta vitu vya kawaida kabisa: paprika, pilipili manga, tangawizi, haradali, majani makavu. Kinachoonekana sana ni pilipili manga nyeupe, imewekwa kwa wingi. Ile harufu inayokupanda puani ukifungua boksi, sehemu kubwa ni yenyewe.

MAHITAJI (kuku 1 wa kisasa, kilo 1.2 hadi 1.5)

- Kuku mkate vipande 8: mapaja 2, miguu 2, mabawa 2, vidari 2
- Maji lita 1 na nusu, na chumvi vijiko 4 vya chakula
- Mtindi nusu lita na yai 1
- Unga wa ngano vikombe 2
- Wanga wa mahindi, ile konfloa nyeupe, nusu kikombe
- Paprika vijiko 2 vya chakula
- Pilipili manga nyeupe kijiko 1 cha chakula
- Kitunguu swaumu cha unga kijiko 1 cha chakula
- Pilipili manga nyeusi, tangawizi ya unga, haradali ya unga na chumvi, kila kimoja kijiko 1 cha chai
- Majani makavu ya thaimu na oregano, nusu kijiko cha chai kila moja
- Mafuta ya kula lita 2

HATUA KWA HATUA

1. Kuku wa friza ayeyuke mpaka kwenye mfupa. Hili ndo lilimuua yule mama. Alitoa kuku asubuhi, mchana akakaanga, katikati bado barafu. Muyeyushe kwenye friji usiku kucha, usimwache juu ya meza. Na usimwoshe kwa kumrushia maji jiko zima, vijidudu vinasambaa. Mfute tu.

2. Mloweke kwenye maji ya chumvi saa 3, ndani ya friji. Chumvi inaingia ndani ya nyama na inaisaidia kushika maji yake wakati wa kukaanga. Ukiruka hatua hii, ganda litakuwa na ladha na nyama ndani haina kitu. Huna friji? Weka barafu kwenye ndoo yenye maji hayo na usizidishe saa moja.

3. Mtoe, mkaushe, mtie kwenye mtindi uliopigwa na yai. Mtindi una uchachu unaolainisha nyama, na uzito wake unaufanya unga ushike. Nusu saa inatosha.

4. Changanya unga, konfloa na viungo vyote. Chekecha mara mbili ili pilipili isikae sehemu moja. Konfloa ndo inafanya ganda livunjike "kwaa" badala ya kuwa gumu kama chapati iliyolala.

5. Siri ya magamba. Chukua vijiko vitatu vya ule mtindi, nyunyizia kwenye unga, sugua kwa vidole mpaka vitokee vibonge vidogovidogo. Sasa weka kipande cha kuku, kandamiza kwa nguvu, geuza, kandamiza tena. Vile vibonge ndo vinakuwa magamba.

6. Panga vipande kwenye wavu, acha dakika 15 hadi 20. Wengi tunaruka hapa kwa haraka. Unga unahitaji muda wa kunyonya maji na kushikana na nyama. Ukitumbukiza palepale, ganda linabaki kwenye mafuta.

7. Mafuta yawe na joto la nyuzi 165 hivi. Huna kipimajoto? Chovya mwiko wa mti mkavu: mapovu madogo yakitoka taratibu kuuzunguka, tayari. Yakichemka kwa fujo au mafuta yakianza kutoa moshi, punguza moto. Paprika inaungua haraka, ndo maana kuku wa yule mama alikuwa mweusi nje wakati ndani bado mbichi.

8. Weka vipande 3 au 4 tu kwa mara moja. Ukijaza sufuria, joto linashuka na kuku anakunywa mafuta. Mapaja na miguu dakika 14 hadi 15, vidari dakika 12, mabawa dakika 10. Kama una kipimajoto, ndani pafike nyuzi 74. Kama huna, choma karibu na mfupa hadi ndani: maji yatoke meupe na nyama isiwe na uwaridi. Una shaka, mrudishe.

9. Mtoe, mweke kwenye wavu. Ukimlaza kwenye gazeti, upande wa chini unapata mvuke na kulainika.

TAHADHARI: najua kuna mtu atasema, "Mimi nina presha kuka, nifanye kama Sanders." Usijaribu! Presha kuka zetu za nyumbani zimetengenezwa kwa maji. Mafuta yanapata joto kubwa kuliko maji, mpira unaweza kuachia na mafuta ya moto yakakumwagikia. Sufuria nzito ya kawaida inatosha, kuloweka kwenye chumvi kutakusaidia kulinda maji ya nyama.

KWA WANAOTAKA KUUZA KUKU MWENYEWE

Kabla hujaposti picha, piga hesabu. Nakupa mfano, wewe weka bei za sokoni kwako:

Kuku 10,000
Mafuta (lita 2 kwa 12,000, nayatumia kwa kuku 4 huku nikiyachuja) 3,000
Unga na konfloa 2,000
Viungo 2,000
Mtindi na yai 700
Gesi 1,300
Maboksi 4 kwa 250, jumla 1,000
JUMLA: 20,000

Kuku mmoja anatoa maboksi 4 ya vipande viwili. Kila boksi limekula 5,000 kabla hujajilipa wewe, bando wala bodaboda. Ukiuza 5,000 kwa sababu jirani anauza 5,000, umefanya kazi bure huku unatoka jasho. Ukiuza 6,500 unabaki na 1,500 kwa boksi, yaani 6,000 kwa kuku. Tena mafuta yakishakuwa meusi, yakitoa povu au harufu, yamwage. Usiyabane ili kuokoa elfu tatu.

Boksi liwe la karatasi na ulitoboe matundu. Ukimfungia kwenye chombo cha plastiki kisichopumua, mvuke unageuza ganda kuwa uji kabla bodaboda hajafika. Na mteja apelekewe akiwa wa moto, chakula kisizunguke mtaani saa nzima.

Jambo lingine: usibandike jina au nembo ya kampuni kubwa kwenye mzigo wako. Mimi mwanzoni niliandika jina la watu kwenye stika, mteja mmoja anayejua sheria akanistua. Jina lina mwenyewe. Weka jina lako, kuku akiwa mtamu watu watalikumbuka lako.

ILIVYOISHIA

Baada ya Jumapili ya tatu nilimpigia tena yule mama. Safari hii sikumuuzia kitu, nilimuuliza swali ambalo ningeanza nalo siku ya kwanza: "Mama, kwani kuku wa baba alikuwaje hasa?"

Akafikiri, akaniambia: alikuwa na pilipili manga sana. Chini ya boksi kulikuwa na vipande vigumu vya ganda ambavyo watoto walikuwa wanagombania. Na pembeni kulikuwa na kachumbari ya kabichi yenye siki, ikilowesha chipsi.

Kabichi! Mimi niliuza pakiti nzima ya "ladha ileile" bila kujua kwamba nusu ya ladha yenyewe ilikuwa kabichi na siki.

Nilikwenda kwake Jumamosi na kuku wawili, tukapika pamoja, yeye akakata kabichi. Kaka yake alikuwa bado hajaondoka. Alikula kipande cha kwanza kimyakimya, halafu akainamisha boksi akaanza kuokota vile vipande vya chini. Dada yake akampiga kofi la mkono: "Hivyo ni vyangu!" Watu wazima hao, wana wajukuu.

Kesho yake yule mama akaandika kwenye grupu lilelile. Sikumwomba.

Siku hizi kila pakiti yangu ina karatasi ndogo yenye hatua 9 hizo hapo juu. Lile neno "ladha ileile" nimelifuta. Nimeandika: "Viungo vya kuku wa kukaanga, pamoja na maelekezo." Nauza taratibu kuliko mwanzo, ila mteja akinunua anarudi.

KAZI YAKO YA NYUMBANI

Fungua tangazo lako la mwisho. Soma ulichoahidi. Kisha jiulize: hiki nimekijaribu mwenyewe? Mteja akifika nacho nyumbani, anajua kukitumia? Uwe unauza mafuta ya nywele, mashuka au mbegu za mboga, maswali ni yaleyale. Kama jibu ni hapana, rekebisha leo kabla hajakurekebisha mteja kwenye grupu.

Ukimpika huyu kuku, weka picha hapo chini tuone magamba. Ukikwama hatua yoyote niulize, nitajibu wote. Na mtumie mwenzako anayeuza vyakula, huenda ndo anapiga hesabu ya bei sasa hivi.

Biashara njema.