Hesabu za Kidato cha Pili zilizookoa mtaji wangu wa tangawizi

Leo tunakaa na daftari. Usikimbie, hesabu zenyewe ni zile za shule, na simu yako ina kikokotoo.

Mimi nachukua tangawizi mbichi Mamba Miamba, huku milima ya Upare, nauza Same mjini. Safari moja nilinunua kilo 200 kwa shilingi 2,000 kila kilo. Hiyo ni 400,000. Usafiri, ushuru na mbebaji vikala 40,000. Jumla 440,000, na sehemu kubwa ilikuwa mkopo wa kikoba. Nikagawa kwa 200, nikapata 2,200. Nikauza 2,500, nikijua nina faida ya 60,000.

Mzigo ulipoisha nina 425,000 mkononi. Hasara 15,000, na marejesho yananisubiri Ijumaa. Nikaanza kumshuku hadi kijana anayenisaidia kuuza.

Usiku binti yangu, yuko Kidato cha Pili, alikuwa anafanya hesabu mezani. Akaangalia daftari langu akasema, "Mama, umegawa kwa kilo ulizonunua. Mbona hujagawa kwa kilo ulizouza?"

Hapo ndo palikuwa na tatizo. Udongo ulipukutika, nyingine zilinyauka, nyingine zikaoza. Kilo 30 ziliondoka. Niliuza 170 tu. Yule kijana hakuwa na kosa lolote.

SOMO LA 1: ALJEBRA (kutafuta x)

x ni kitu usichokijua, basi. Hapa x ni bei ya kuuzia:

170x = 440,000 + 60,000
x = 500,000 ÷ 170
x = 2,941

Kwa hiyo bei ilitakiwa iwe kama 2,950 au 3,000, siyo 2,500.

Utaniambia, "Dada, sokoni hawanunui zaidi ya 2,500." Sawa kabisa. Basi x iwe bei ya kununulia:

Mauzo: 170 × 2,500 = 425,000
Toa gharama 40,000 na faida 60,000 = 325,000
200x = 325,000
x = 1,625

Maana yake ukifika shambani, bei yako ya mwisho ni 1,625. Mkulima akikataa, mshukuru, tafuta mzigo mwingine au rudi. Hiyo namba uwe nayo KABLA hujapanda gari.

Hesabu hii inataka upime. Ukinunua gunia kwa macho, hizo kilo umeziota. Tumia mizani iliyohakikiwa na Wakala wa Vipimo, pima unaponunua, pima tena unapofika. Na lumbesa achana nayo, inamuumiza mkulima na sheria inaikataza.

SOMO LA 2: UWEZEKANO

Nilifungua daftari nikahesabu safari zangu 20. Safari 5 gari lilikwama kwenye tope au likachelewa mpaka kesho yake, mzigo ukaharibika. Uwezekano wa safari mbaya ni 5/20, yaani 1/4. Katika kila safari nne, tegemea moja mbaya.

Safari nzuri inanipa faida 60,000. Mbaya inanila 80,000. Kwa safari nne:

(3 × 60,000) − 80,000 = 100,000
100,000 ÷ 4 = 25,000

Kumbe faida yangu halisi ni 25,000 kwa safari. Na mimi nilikuwa nimewaahidi wanakikoba 50,000 kila safari! Nilienda kuomba tupange upya marejesho, na sasa kila safari nzuri naweka akiba ya ile mbaya. Kumbuka safari ikienda vizuri mara tatu haimaanishi ya nne lazima iharibike. Zinaweza kuharibika mbili mfululizo. Pia hesabu masika peke yake, usichanganye na kiangazi.

SOMO LA 3: SKELI

Mteja mmoja wa juu mlimani aliagiza mzigo, nauli juu yangu. Binti akatoa ramani yenye skeli ya 1:50,000. Sentimita 1 kwenye ramani ni sentimita 50,000 ardhini, yaani nusu kilomita. Nikaweka rula: sentimita 12, kwa hiyo kilomita 6.

Akacheka. "Mama, bodaboda hairuki." Akachukua uzi, akaulaza kufuata kona zote za barabara, kisha akaupima: sentimita 26. Hizo ni kilomita 13! Kama boda anachaji 1,000 kwa kilomita, ningepanga 6,000 nikalipa 13,000. Huku kwetu milimani, rula itakudanganya. Tumia uzi.

KAZI YA NYUMBANI

Umenunua nyanya kilo 50 kwa 1,200 kila kilo. Usafiri 10,000. Kilo 8 zimeoza. Unataka faida 14,000. Utauza kilo moja shilingi ngapi?

Ukipata 2,000 umeelewa somo. Ukipata 1,680 umegawa kwa 50 kama nilivyofanya mimi, rudia.

Na leo jioni mwanao akifungua daftari la hesabu, kaa naye. Mtumie na mwenzako mwenye genge, huenda anauza kwa hasara na hajui.