Bunduki Kuukuu Mjini Dubai: Jifunze Kuisoma Kwanza

Ijumaa asubuhi, pembeni mwa ngome ya Nizwa, wanaume husimama wakipokezana bunduki za zamani. Mmoja hufungua mtambo, huelekeza mtutu kwenye mwanga na kuchungulia ndani, kisha humpa jirani yake. Ukiwa umetoka Dubai kutembea Oman, ukaona Martini-Henry iliyovishwa pete za fedha na bei unaiweza, utatamani kuondoka nayo. Usiinunue. Ukikamatwa nayo kwenye mpaka wa Hatta au wa Al Ain huna kibali, maelezo kwamba ni pambo la ukutani hayatakuokoa.

Katika Falme za Kiarabu silaha, risasi na baruti zinasimamiwa na Amri ya Kisheria ya Shirikisho namba 17 ya mwaka 2019, na adhabu ya kumiliki au kuingiza silaha bila leseni ni kali, kifungo kikiwemo. Usidhani kwamba bunduki ikishatimiza miaka mia basi sheria imeisahau. Sisi wakaazi wageni tusitarajie leseni ya kuweka bunduki nyumbani. Hilo ni jambo la raia. Tahadhari hii inamhusu hata anayepita njia tu, akiunganisha ndege kutoka London kwenda Dar es Salaam. Ganda tupu la risasi lililotobolewa likafanywa kishikio cha funguo limewahi kuwasimamisha wasafiri katika viwanja vya ndege vya nchi hii. Kabla ya safari, kung'uta mifuko yote, hasa mkoba uliowahi kwenda nao mawindoni au kwenye uwanja wa shabaha.

Naanza na sheria kwa sababu nawapenda wenzangu wenye hamu hii, na sitaki hata mmoja alale rumande kwa ajili ya kipande cha chuma. Lakini hamu yenyewe ni halali na ina njia zake. Bunduki ya kijeshi iliyostaafu ni hati ya historia, na pwani yetu na Ghuba zimo ndani ya hati hiyo.

Jua kwanza zilifikaje huku. Jeshi la Uingereza liliipokea Martini-Henry mwaka 1871, bunduki ya risasi moja moja, ya kipimo cha .577/450, yenye kutoa moshi mzito wa baruti nyeusi. Zilipokuja bunduki za magazini, Lee-Metford mwaka 1888 na Lee-Enfield mwaka 1895, Martini zikamwagika sokoni. Maskati ikawa ghala. Wafaransa walikuwa na mkataba wa biashara na Sultani tangu 1844, na Waingereza hawakuweza kuwafungia mlango kwa urahisi. Kutoka Maskati majahazi yalivuka hadi Makran, na bunduki zikaishia Afghanistan na mpaka wa kaskazini-magharibi ya India, zikielekezwa kwa Waingereza wenyewe. Biashara ile ilibanwa mwaka 1912, Sultani Faisal bin Turki alipokubali silaha zote zipitie ghala moja lenye usimamizi.

Dubai nayo ilionja. Alfajiri ya tarehe 24 Desemba 1910, askari wa manowari ya Kiingereza Hyacinth walishuka mjini kupekua nyumba wakitafuta silaha. Wenyeji wakapigana nao mitaani, manowari ikaupiga mji mizinga, na watu wa Dubai 37 wakafa. Baadaye Sheikh Butti bin Suhail alidaiwa fidia: rupia 50,000 na bunduki 400 zinazofanya kazi. Kumbuka sharti hilo unapoitazama bunduki yoyote ya kale katika mji huu. Wakati ule ilikuwa heshima ya mwenye nyumba, na waliodai fidia walilijua hilo.

Sasa tuje kwenye kuisoma. Nenda jumba la makumbusho la polisi katika ngome ya Naif, Deira, ngome iliyojengwa 1939 na iliyokuwa makao ya kwanza ya polisi wa Dubai. Chukua daftari. Usiitazame bunduki nzima kwa mkupuo, tafuta chapa. Kwenye Martini na kwenye Lee-Enfield za mwanzo, angalia ubavu wa kulia, pale chuma kinapokutana na kitako. Utaona taji, chini yake herufi za mfalme: V.R. ni Malkia Victoria, E.R. ni Edward, G.R. ni George. Hufuata jina la kiwanda: Enfield, B.S.A. Co. au L.S.A. Co. Hufuata mwaka, kisha toleo. Lee-Enfield fupi ya Vita Kuu ya Kwanza huandikwa Sht. L.E. III au III*. Ishapore ni ya India, Lithgow ni ya Australia. Lee-Enfield namba 4 ya Vita Kuu ya Pili chapa zake huwa ubavu wa kushoto: Long Branch ni ya Kanada, na Savage ya Marekani hubeba maneno yanayodai ni mali ya Marekani, ingawa ilitengenezwa kwa ajili ya Waingereza.

Hapa ndipo wengi hutapeliwa. Mafundi wa Darra Adam Khel, Pakistani, na wenzao wa mpakani wamenakili bunduki za Kiingereza kwa vizazi vingi, tena kwa ufundi wa kustaajabisha ukizingatia vyombo walivyokuwa navyo. Mara nyingi waliiga chapa kama picha, bila kuzisoma. Tafuta herufi N iliyogeuka nyuma mbele, neno Enfield lililokosewa, mistari isiyonyooka, taji lililochongwa kwa mkono. Kipimo kizuri kuliko vyote ni tarehe: Malkia Victoria alifariki Januari 1901, kwa hiyo V.R. iliyokaa juu ya mwaka 1907 inajifichua yenyewe. Nakala kama hiyo si takataka; nami naona inastahili kuhifadhiwa kwa jina lake la kweli. Lakini isilipiwe bei ya Enfield, na isipigwe risasi kamwe, kwa kuwa hakuna ajuaye chuma chake kilipikwa vipi.

Makumbusho yana kioo katikati. Bunduki za karibu zaidi zimo majumbani, kwenye kuta za barza za wenyeji wa Dubai na za jamaa zetu wa Kiomani, ambao wengi wao Kiswahili wanakijua vizuri. Ukialikwa mahali penye bunduki ukutani, usiikimbilie. Salimia, kaa, pokea kahawa na halua, ulizia wazee na watoto. Mazungumzo yakishatulia, mwambie mwenyeji: "Shehe, hii ilikuwa ya nani?" Swali hilo humfungua mtu. "Bei gani?" humfunga, na katika nyumba yenye heshima zake ni utovu wa adabu. Mwache aishushe yeye. Akikukabidhi, mtutu uelekee ukuta usio na watu nyuma yake, kidole kiwe nje ya kifyatulio, na muombe akufungulie mtambo ili nyote wawili mwone chemba ni tupu. Martini haina nyundo ya nje, na wenzo wa chini ukifunguliwa na kurudishwa mtambo unakuwa umetegwa, kwa hiyo macho peke yake hayatoshi. Omba ruhusa kabla ya kupiga picha, na picha za chapa za nyumba ya watu usizitupe mitandaoni.

Msikilize pia anaiitaje. Abu fatila ni ya utambi, kongwe kuliko zote, na sama ndiyo Martini. Ukitaka kuona umbo la bunduki hizi likiwa mwendoni, tafuta mashindano ya Fazza ya youlah, ngoma ya jadi ya kuzungusha bunduki, yanayosimamiwa na Kituo cha Urithi cha Hamdan bin Mohammed. Vijana huizungusha bunduki na kuirusha juu, wakaidaka bila kuukosa mpigo wa ngoma. Siku hizi wengi hutumia za mbao. Simama karibu utazame mikono yao, utafahamu uzito wa bunduki ulivyogawanyika vizuri kuliko maelezo yoyote.

Na kulenga shabaha? Dubai ina mwalimu mkubwa katika historia ya mchezo huu: Sheikh Ahmed bin Hasher Al Maktoum alitwaa dhahabu ya visahani vya udongo mjini Athens mwaka 2004, medali ya kwanza ya Olimpiki ya nchi hii. Baadaye alimfundisha Mwingereza Peter Wilson, naye akachukua dhahabu London mwaka 2012. Mkaazi anaweza kwenda klabu ya Jebel Ali akafundishwa na mwalimu, kwa silaha za klabu, bila kumiliki chochote. Hutakuta Lee-Enfield, lakini utajifunza mambo matatu ambayo bunduki kuukuu itakudai: kukikaza kitako begani pasiwe na nafasi, kukipumzisha kidole baada ya kila risasi, na kuushika mtutu upande mmoja hata unapoongea na jirani. Anayeanza huogopa kishindo, akafumba macho kabla ya mlio. Mwambie mwalimu akutilie ganda tupu bila wewe kujua; mtutu ukiinama wakati hakuna mlio, umeijua kasoro yako.

Wenzetu walioko Uingereza wana bahati. Bisley, Surrey, imekuwa makao ya wapiga shabaha tangu 1890, na klabu za pale hulenga kwa Lee-Enfield za .303 hadi leo. Jiunge na klabu iliyoidhinishwa, anza kama mwanachama wa majaribio, na upige bunduki ya klabu. Kabla ya kuingiza risasi yoyote uliza kipimo. Ishapore 2A1, iliyoanza kutengenezwa India miaka ya 1960, inafanana sana na ile ya .303, lakini inatumia milimita 7.62. Kadhalika Martini nyingi ziligeuzwa kuwa za .303. Umbo si ushahidi. Soma chapa ya mtutu, na mkaguzi wa silaha athibitishe.

Neno kwa raia wa Falme za Kiarabu mwenye leseni, au kwa kijana aliyerithi bunduki ya babu. Ikiwa haina karatasi, anzia polisi, uwaulize utaratibu kabla ya kuisogeza hapo ilipo. Ikishakuwa halali, adui yake ni Agosti. Unyevu wa pwani huingia kila mlango ukifunguliwa, kisha kiyoyozi hukausha mbao mpaka zikapasuka. Iweke katika sefu mbali na mdomo wa kiyoyozi, pamoja na vifuko vya kukausha hewa, na mafuta mepesi kwenye chuma. Isikae ndani ya ala ya ngozi, ngozi huhifadhi unyevu. Kitako kipakwe mafuta ya kitani, tone moja na kitambaa, basi. Msasa usiuguse mbao, wala chuma kisisuguliwe kikang'aa kama sufuria, kwani chapa zikififia umefuta ukurasa. Pete za fedha alizoongeza sonara wa Oman ziachwe, hata kama mnunuzi wa Ulaya atakuambia zinaharibu uasili. Kwa macho yangu ndizo zinazoifanya kuwa ya huku.

Risasi za kijeshi za zamani fataki zake nyingi huacha chumvi ndani ya mtutu, na mafuta hayayeyushi chumvi. Ikipigwa, mtutu usafishwe siku ile ile kwa maji ya moto, ukaushwe kabisa, ndipo upakwe mafuta. Kisha chukua daftari uandike namba, chapa, mwaka, na jina la aliyekuwa nayo, kwa maneno ya mzee mwenyewe. Mfanyie hivyo angali hai, kwa sababu hakuna kiwanda cha Enfield kitakachokupa sehemu hiyo ya hati.