SOMO LA BUSTANI: FENESI, TUNDA LA MAUA MENGI

Embe hutokana na ua moja. Fenesi, ambalo Waganda huliita ffene na ambalo huuzwa kwa vipande hata Naguru, ni maua mengi ya kike yaliyoshikana kwenye kikonyo kimoja na kukua pamoja. Kila mbegu na nyama yake ya manjano ilikuwa ua moja. Nyuzi za katikati ni maua yasiyopata mbegu. Nanasi nalo ni hivyo: kila jicho lilikuwa ua.

Kumbuka:

1. Mfenesi una maua ya kiume pia. Yakimaliza kutoa chavua huwa meusi na kuanguka. Huo si ugonjwa, usikate mti.

2. Panda mbegu zikiwa bado na unyevu. Zikikauka hazioti.

3. Mbegu ni chakula. Zichemshe au uzichome, usizile mbichi.

4. Kabla ya kukata, paka mafuta ya kupikia kwenye mikono na kisu, utomvu usinate.

Mti wa mbegu huanza kuzaa baada ya miaka 3 hadi 8. Huenda utakuwa umerudi nyumbani. Panda hata hivyo, atakayebaki atakula.