Kagua Fremu ya Baiskeli Kabla ya Kuipaka Rangi

Rangi ya baiskeli si pambo tu. Huzuia maji na hewa kufikia chuma. Huku Pwani, upepo wenye chumvi huharakisha kutu.

Mkaazi anayetaka kupaka upya fremu nyumbani azingatie haya:

1. Toa magurudumu, cheni na pedeli. Osha fremu kwa sabuni, kisha ukague viungo vyake. Ukiona ufa au chuma kilicholika, usipake. Rangi itaficha ubovu huo na fremu inaweza kukatika ukiwa barabarani. Ipeleke kwanza kwa fundi wa kuchomelea.

2. Sugua kutu kwa msasa uliolowa maji. Rangi za zamani huenda zina madini ya risasi, na vumbi lake ni sumu, hasa kwa watoto. Fanyia kazi nje, vaa barakoa, na unawe mikono ukimaliza.

3. Bandika selotepu juu ya nambari ya fremu. Baiskeli ikiibwa, nambari hiyo itakusaidia kuthibitisha ni yako.

4. Fremu ikikauka, paka siku hiyo hiyo rangi ya kwanza ya kuzuia kutu. Ikishakauka, ongeza tabaka mbili nyembamba za rangi ya mafuta.