Kabla Hujateremka Kitonga, Lala Chini ya Pikapu

Nilikuwa Ilula, natoka Iringa mjini kwenda Ruaha Mbuyuni kufuata vitunguu. Nikakanyaga breki kumpisha mama aliyebeba ndoo ya nyanya, pedali ikazama mpaka sakafuni. Gari lilisimama kwa breki ya mkono na kamlima kadogo. Mbele yangu kulikuwa na Kitonga, mteremko mkali wenye kona. Anayeujua mlima ule ataelewa kwa nini nilikaa kimya muda kabla ya kufungua mlango.

Fundi alikuja kwa bodaboda, akatandika kiroba, akaingia chini. "Kaka, njoo uone mwenyewe." Paipu ya breki za nyuma ilikuwa imetoboka pale inapopita juu ya chesisi, karibu na ekseli. Haikugongwa na jiwe. Ilikuwa imeliwa na kutu, na pale pale palikuwa na bonge la udongo lenye chembe nyeupe. Fundi alizisugua kwa vidole akacheka: "Hii si mbolea hii?"

Ilikuwa mbolea. Misimu minne nilikuwa napakia viazi Isyonje, wilayani Rungwe, na kurudi na CAN na urea kutoka Uyole, Mbeya. Hatuiiti mbolea ya chumvichumvi bure. Hunyonya unyevu hewani hata siku isiyo na mvua, na chumvi ikikutana na chuma kilicholowa, kutu hukimbia. Kiroba kikichanika kidogo, chembe huteleza kwenye uwazi kati ya bodi na chesisi, zikashikana na tope. Rungwe ina sehemu zinazopata zaidi ya milimita 2,000 za mvua kwa mwaka. Kuanzia Novemba mpaka Mei bonge kama lile halikauki. Ni kama kufunga kitambaa kibichi kwenye chuma ukakisahau humo. Na mimi muda wote huo nilikuwa naosha bodi kila Jumamosi, inang'aa, majirani wananisifu.

Basi nikajifunza kulala chini. Ukitaka kununua pikapu, au unayo tayari, vaa nguo mbaya, chukua tochi, nyundo ndogo na bisibisi. Anzia nyuma, pale springi zinaposhikwa na chesisi, kisha fuata chesisi inapopinda kupita juu ya ekseli. Gonga polepole. Chuma kizima hulia, kilichooza hujibu kwa sauti ya kiroba. Ukisikia sauti imebadilika, sukuma bisibisi. Usimwonee haya muuzaji. Bisibisi haitoboi chuma kizima. Chesisi nyingi ni kama boksi lenye uwazi ndani, na maji yanayoingia humo hula kutoka ndani kuja nje, kwa hiyo unachokiona kama kipele cha rangi kinaweza kuwa ndiyo hatua ya mwisho. Paipu za breki zipitishie kidole urefu wake wote. Ukikuta magamba, badilisha, usisubiri.

Rangi nyeusi mpya huko chini inanitia wasiwasi kuliko kutu yenyewe, maana inaweza kuwa imeificha. Magari mengi tunayonunua yametumika Japani, na kule kaskazini, Hokkaido na jirani zake, barabara humwagiwa chumvi majira ya theluji. Gari kama hilo linaweza kuwa na kilomita chache na injini tamu, lakini mifupa imekwisha. Wala usidhani kutu ya chesisi ni tatizo la kwetu tu. Mwaka 2016 Toyota ilikubali suluhu ya kesi Marekani kuhusu kutu ya chesisi za Tacoma, Tundra na Sequoia, na tundu la milimita 10 likawa sababu ya kubadilishiwa chesisi nzima. Milimita 10 ni upana wa kidole changu kidogo. Huku kwetu tundu hilo linafunikwa kwa bati, linapigwa rangi, gari linapakiwa lumbesa.

Juu ya bodi kazi ni nyepesi. Chini ya milango kuna matundu ya kutolea maji. Yakizibwa na vumbi la Kilolo, mlango unageuka ndoo. Yazibue kwa spoku ya baiskeli. Inua kapeti upande wa dereva, na uondoe majani yanayorundikana chini ya waipa. Sumaku ya spika mbovu itakuonyesha palipozibwa kwa puti: isiposhika, hapo kuna puti nene au hakuna chuma kabisa. Usisahau mnyororo unaoshika tairi la akiba, maana ukikatika njiani, tairi linaondoka peke yake.

Kutu ya juu juu unaweza kuiondoa mwenyewe wakati wa kiangazi. Kwangua kwa brashi ya waya na msasa mpaka chuma king'ae, futa kwa petroli, acha pakauke kabisa, paka redi oksaidi, kisha rangi. Ukipaka rangi juu ya kutu umeifunika blanketi. Kuhusu oili chafu, ambayo kila gereji ya Mbeya inaipenda, mimi niko katikati. Inafukuza maji kweli, lakini inalainisha bushi za mpira, inakamata vumbi, na ikidondoka inaharibu udongo. Mimi napaka grisi kwenye boliti na ndani ya mikunjo, basi.

Chesisi ikishatoboka, hiyo ni kazi ya fundi wa kuchomelea anayejua chesisi, si wa mageti. Mwambie atoe waya wa betri kwanza, alihamishe tenki la mafuta kama liko karibu, na akate mpaka afike kwenye chuma kizima. Kiraka kilichochomelewa juu ya uozo huvunjika pembeni yake, na kwa kawaida huvunjika siku umebeba mzigo.

Siku hizi mbolea naipakia juu ya turubai zito lililokunjwa pembeni kama karai. Nikishashusha, nafagia kwanza pakiwa pakavu, halafu nalipeleka gari lioshwe chini kwa maji mengi. Mwosha magari wa Uyole alinishangaa mwanzoni: mteja gani huyu anayeacha bodi chafu na kulipia uvungu?

Paipu mpya tulifunga pale pale Ilula, tukatoa hewa kwenye breki mpaka giza likaingia. Vitunguu nilivifuata kesho yake. Kitonga nilishuka kwa gia ya pili mwanzo mpaka mwisho, nyuma ya lori lililobeba shaba, nikigusagusa breki bila sababu ili nisikie inashika.