Septisemia: Maana na Matumizi ya Neno

Neno septisemia limetokana na maneno mawili ya Kiyunani yenye maana ya kuoza na damu. Lakini damu ya mgonjwa haiozi. Kuwamo kwa bakteria katika damu huitwa bakteremia; hali hiyo huweza kutokea hata mtu apigapo mswaki, na kwa kawaida mwili huwaangamiza bakteria hao upesi. Hatari kubwa ni sepsisi. Kwa fasili ya wataalamu ya mwaka 2016, sepsisi ni mwitiko wa mwili dhidi ya maambukizo uliovurugika hata ukadhuru figo, mapafu au ubongo. Huweza kutokea pasipo bakteria kuonekana katika damu. Kwa hiyo, mwenye maambukizo akianza kuhema na kuchanganyikiwa, apelekwe hospitali mara moja.